Saa 72 hazitoshi: kwa wanaoanza kazi na vizuiaji vya EZH2

Ndugu zangu wapya, nimeona tena mtu akitia kizuiaji cha EZH2 (kimeng'enya kinachozima jeni kwa kuweka alama za methili kwenye histoni, protini zinazozungushiwa DNA) kwenye seli za uvimbe wa ubongo, akapima uhai wa seli baada ya saa 72, kisha akaandika daftarini kwamba dawa haifanyi kazi. Kabla hamjamaliza chupa nyingine, someni haya.

La kwanza ni muda. Kizuiaji huzuia EZH2 kuweka alama mpya za H3K27me3 (methili tatu kwenye lisini ya 27 ya histoni H3), lakini hakifuti zilizokwisha kuwekwa. Hizo hupungua hasa kadiri seli zinavyogawanyika na histoni mpya zisizo na methili kuingia kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake. Ndiyo maana alama hushuka kwa siku kadhaa, jeni zilizozimwa huamka baadaye, na ukuaji hupungua mwisho kabisa. Sisi tulilijua hilo vitabuni, na bado tukazipima seli za ATRT (uvimbe mkali wa ubongo wa watoto) zilizopoteza jeni ya SMARCB1 kwa ratiba ileile tuliyoirithi kutoka kwenye dawa za kuua seli. Grafu ikalala bapa. Tukapandisha dozi hadi mikromola 20, seli zikafa, tukashangilia na kuchapisha bango. Mwanafunzi mmoja mkimya, aliyeachiwa kazi ya bloti (kipimo cha kiasi cha protini na alama zake) ambayo hakuna aliyeitaka, akauliza kwa adabu mbona alama ilikuwa imekwisha kutoweka kwenye mikromola 1. Maana yake kimeng'enya kilizimwa mapema, na hizo mikromola 20 zilikuwa zikiua kwa njia isiyohusu EZH2 hata kidogo. Bango tulilibandua kabla ya mkutano, na sikumbuki aliyecheka.

La pili: kwenye bloti linganisheni H3K27me3 na H3 yote, si aktini, ile protini ya kulinganishia iliyozoeleka. Seli zenye H3K27M (badiliko la lisini hiyohiyo ya 27 kuwa methionini) zina alama kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo msizisome kwa kipimo cha ATRT.

La tatu ni ubongo wenyewe, ambao sahani ya kukuzia seli haiujui. Tazemetostat, kizuiaji cha EZH2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa sarkoma ya epithelioidi, lakini katika panya pampu za P-gp na BCRP, zinazosukuma dawa nje kwenye mishipa ya damu ya ubongo, huizuia kuingia ubongoni. Vorasidenib, inayozuia kimeng'enya cha IDH kilichobadilika ili 2-HG, kemikali kinachoitengeneza, isiendelee kubana vimeng'enya vya TET (vinavyosaidia kuondoa methili kwenye DNA), iliundwa ipenye: katika jaribio la wagonjwa liitwalo INDIGO, muda wa kati (mediani) kabla ya glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, kuendelea ulikuwa miezi 27.7, dhidi ya 11.1 kwa dawa bandia. Basi anayeniletea grafu ya panya aambatanishe kiwango cha dawa ndani ya tishu ya ubongo. Cha kwenye damu abaki nacho.