Gari linalowaka kwa kusukumwa halina kontroli boksi mbovu

Mkuu, usiende kwenye maduka ya spea ya Gerezani kesho, na usimpe fundi huyo shilingi 380,000. Umeandika kwamba Corolla yako ya mwaka 1994, yenye gia za mkono, asubuhi inazungusha stata kivivu bila kuwaka, lakini vijana wa mtaani kwako Kimara wakiisukuma mteremkoni inawaka papo hapo na kutembea vizuri. Katika aya hiyo hiyo unasema fundi amekuambia kontroli boksi, yaani kompyuta inayoiongoza injini, imekufa, kisha unauliza kama bei hiyo ni ya haki. Nimeusoma ujumbe wako nikahisi mtu ananitonesha kidonda, kwa sababu boksi la namna hiyo ninalo nyumbani, na kazi yake kwa sasa ni kuzuia mlango wa stoo usijibamize.

Mteremko haujawahi kufufua boksi. Gari linaposukumwa, kinachobadilika ni kimoja tu, nacho ni kwamba stata haili umeme. Boksi linabaki lile lile, na vivyo hivyo pampu ya mafuta, koili, plagi na sensa zake. Kimojawapo kati ya hivyo kingekuwa kimekufa kweli, vijana wako wangelisukuma gari hadi Ubungo na lisingewaka. Likiwaka kwa kusukumwa na kukataa kwa stata, basi umeme unapotea mahali fulani wakati stata inazunguka, na hapo wa kutazamwa ni betri, nyaya nene za betri, vichwa vyake, na stata yenyewe. Fundi aliyelisikia jambo hilo kutoka kinywani mwako na bado akakutajia boksi, ama hakukusikiliza, ama alisikia mfuko wako vizuri zaidi kuliko maneno yako.

Gari langu lilipougua ugonjwa huo huo, fundi wangu alikuwa wa maeneo ya Ilala, mwenye ovaroli safi na maneno mengi, na hoja zake mbili nakuandikia hapa kwa sababu nina hakika utaambiwa hizo hizo. Ya kwanza, aliwasha taa za mbele, zikamulika ukuta, akatangaza kwamba betri na nyaya ni nzima. Nilikubali kwa kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Taa mbili za wati 55 kila moja zinakula jumla ya ampea 9 hivi, ilhali stata ya injini kama hiyo inakula zaidi ya ampea 100, kwa hiyo waya uliooza ukabakiwa na nyuzi chache utawasha taa bila shida na utashindwa kabisa kuibeba stata. Ya pili, alifungua swichi bila kupiga stata, akaweka sikio karibu na tangi la mafuta, kisha akasema pampu hailii, na pampu isipolia maana yake boksi haliiamrishi. Lo! Katika Toyota nyingi za miaka ile pampu haitakiwi kulia ukifungua swichi tu. Inafanya kazi stata inapozunguka na injini inapokuwa imewaka. Angetaka kuisikia, angefungua bonneti, akatafuta kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya, kisha akafungua swichi. Hilo ni jambo la dakika moja, lakini kumpeleka mteja Gerezani kunalipa zaidi.

Nikanunua boksi la mtumba. Muuzaji alinionya mapema, tena kwa upole, kwamba kifaa cha umeme kikishatoka dukani hakirudi. Na hapa ndipo palipo na mtego ulionigharimu kuliko bei ya boksi lenyewe, kwa hiyo pasome taratibu. Baada ya kufunga boksi, fundi alisema betri imechoka kwa kujaribiwa jaribiwa, akaleta betri yake na nyaya mbili za kuazimia umeme, akabana ule wa chanya kwenye kichwa cha betri yangu na ule wa hasi kwenye chuma cha injini. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Tukapeana mikono, nikaongeza na hela ya soda. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama kilichotibu gari ni boksi jipya au ni ule waya wa hasi uliokuwa umegusa injini moja kwa moja na kuupita kando waya wa ethi wa gari langu, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na injini. Kesho yake asubuhi stata ilizunguka kivivu vile vile, na kwa kuwa boksi lilikuwa limeshathibitishwa kuwa zima, lawama zikahamia kwenye pampu ya mafuta, nayo nikainunua, kisha kwenye stata, nayo ikafunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa kwa malipo. Kama kuna mtu anaihitaji ile pampu ya zamani, ni nzima kabisa.

Aliyekomesha sinema hiyo ni mzee mmoja wa Tabata ambaye hakugusa spana hata moja kabla ya kutoa mita yake mfukoni. Aliomba nipige stata, akatazama namba, akaukunja waya wa ethi unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye injini. Kwa nje ule waya ulikuwa mweusi, mzima, hata mng'ao wake haujapotea. Ndani ulikuwa unakwaruza, na alipochana ganda lake kwa kisu ulimwagika unga wa kijani. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, pamoja na maji ya masika tunayopita nayo kila mwaka, huingilia mwishoni kwenye kishikio na kupanda ndani taratibu mahali ambapo jicho halifiki. Waya mpya haukufikia hata bei ya chakula nilichokuwa nimemnunulia yule wa Ilala.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi nichoshe watu: usinunue kifaa chochote kabla ya kupima umeme wakati stata inazunguka. Si gari likiwa limetulia, stata inapozunguka. Azima au nunua mita ndogo ya kidijitali, iweke kwenye volti za DC, upande wa 20. Vuta breki ya mkono, toa gia, na mikono ikae mbali na mikanda. Kwanza pima betri ikiwa imepumzika: iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na ikisoma 12.2 iko karibu nusu, ichajiwe kabla ya kumtuhumu mwingine. Kisha mwenzio apige stata ukiwa umeshika ncha za mita kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au stata inakula kupita kiasi. Cha tatu ndicho ambacho mafundi wengi hawakifanyi: ncha moja iwe juu ya nguzo ya hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe na si kwenye kishikio, na nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha stata ipigwe tena. Hapo namba inatakiwa kuwa ndogo sana, 0.2 au chini yake. Langu lilisoma 2 na ushee. Volti hizo zilikuwa zinapotelea kwenye waya, na baada ya betri yenyewe kushuka kwa mzigo wa stata, boksi lilikuwa linabakiwa na volti 7 hivi, ambazo hazitoshi kulifanyisha kazi hata lingekuwa limetoka kiwandani jana.

Kama huna mita usiku huu, tazama dashibodi. Taa ya injini ikiwaka unapofungua swichi, boksi linapata umeme. Ikififia sana au kuzimika unapopiga stata, umeshapata nusu ya jibu bila kutoa senti. Na kama kuna kengele ya wizi iliyofungwa hapa mjini, mwambie fundi aifuate pia, kwa sababu nyingi zimekata waya wa pampu na kuuunga kwa selotepu, ingawa kwa gari linalowaka kwa kusukumwa sidhani kama ndiyo yako.

Pima kesho asubuhi kabla hujaita wasukumaji, injini ikiwa ya baridi, kisha andika hapa namba zote tatu. Ya tatu ikizidi 0.5, mwambie fundi abadilishe waya wa ethi na asugue kwa msasa pale bolti yake inapokaa hadi chuma king'ae, na akianza tena habari za boksi, mwambie lipo moja kwangu kwenye mlango wa stoo, aje alichukue akalijaribu kwa gharama zake.