Nyuzi nano zinatoka na shanga: niongeze volti?

SWALI: Injinia, habari ya kazi? Nimeunda mashine ya kusokota nyuzi nano, zile nyembamba kuliko unywele, kwa umeme hapa Kariobangi, Nairobi, kwa transfoma ya televisheni kuukuu na gundi nyeupe ya mbao niliyoizimua kwa maji. Nataka kutengeneza vichujio vya barakoa, lakini foili inayopokea nyuzi inajaa vitone na vivimbe kama shanga. Niongeze volti hadi ngapi?

JIBU: Usiongeze hata moja. Kila anayeniletea swali hili huwa ameshika swichi, ilhali ugonjwa uko kwenye chupa ya gundi.

Kazi ya umeme ni kuvuta. Tone kwenye ncha ya sindano huchongoka likawa koni, ile aliyoipigia hesabu mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1964, na kileleni huchomoka mchirizi mwembamba unaojipinda kama mjeledi huku maji yakikauka. Kinachoushika usikatike ni minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu, iliyosokotana ndani yake. Ikiwa michache, mchirizi hukatika angani na foili hupata rasharasha. Ongeza volti, utapata rasharasha yenye kasi.

Halafu hiyo gundi! Gundi ya seremala ni chembe za polivinili asetati zinazoelea majini. Inayosokotwa maabara ni polivinili alkoholi, iliyoyeyuka kabisa. Walimu wa video wanaosema ni kitu kimoja wamenimaliza. Nunua unga wake kwa wauza kemikali, koroga gramu 10 katika gramu 90 za maji ya digrii 80 hadi 90 mpaka uwe mwangavu, kisha uache upoe. Chovya kijiti, ukiinue: ukidondoka kama maji, bado, ukivutika kama asali, anza na kilovolti 15, sentimita 15 kutoka sindano hadi foili, na mchanganyiko utoke nusu mililita kwa saa. Asubuhi za Julai zenye ukungu, subiri jua litoke. Unyevu ukizidi, uzi hufika foili ukiwa mbichi.

Transfoma nayo iweke kando. Umeme wa maabara una kidhibiti cha mkondo. Huo wako sidhani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, cheche huruka upesi kuliko Mombasa. Kijana mmoja alinijia na tundu dogo jeusi kwenye kidole gumba. Alikuwa ameshachomoa plagi. Chaji ilikuwa bado imo.

Na barakoa? Polivinili alkoholi isiyoimarishwa kwa joto au kemikali huyeyuka majini, na pumzi ina maji. Nimeshaletewa utando wa "nano" wa bei ghali. Niliutia kwenye glasi ya maji, ukageuka ute mbele ya mwenyewe. Wengine wanauza vichujio vya maji wakidai vinaondoa madini ya floridi yaliyo katika maji ya Nakuru. Utando mtupu huzuia chembe na bakteria. Floridi imeyeyuka majini, inapita humo. Anayekuuzia mwambie alete picha ya hadubini ya elektroni. Uzi wa nanomita 200 hauonekani kwa kamera ya simu, hata aikuze picha vipi.