Muulize Kocha: Hao wazee wa hoki ya barafu wanafundisha nini hasa?

Mwezi huu sijui nani amewachokoza, barua zote ni hoki ya barafu, sisi huku ambako barafu tunaijua ya kwenye soda na ile wanafunikia samaki pale Ggaba. Nilitaka kuziweka pembeni nijibu za mpira kama kawaida, ila nilipozisoma vizuri nikaona watu hawaulizi barafu, wanauliza ualimu. Haya, twende.

SWALI: Kocha salaam. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari huku Jinja, nafundisha hoki ya majani. Binamu yangu amekaa Kanada miaka mingi mpaka akaanza kufundisha watoto hoki ya barafu, na sasa amechukuliwa kwenye kozi ya makocha, ile wanaita High Performance. Ananitumia picha, wazee wa mvi wamesimama mbele ya ubao, makocha wamejaa wanaandika. Nikamuuliza wanawafundisha nini, akanijibu "kufikiri". Nilicheka. Hebu niambie, wana nini hao wazee ambacho mimi sikipati Youtube? – Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, binamu hajakudanganya, amefupisha mno tu. Kwanza ujue kozi hiyo haiingiwi kwa kulipa ada basi. Kanada wana ngazi, unaanza chini kabisa na watoto wa mtaani, unapanda unafika ile ya Development 1, ukishathibitishwa hapo ndo jina lako linaweza kufikiriwa kwa High Performance 1. Unakaa semina, unarudi nyumbani na kazi ya kuandika, halafu mtu mzoefu anakuja kukutazama ukifundisha timu yako mwenyewe, na hapo pa mwisho ndo pagumu manake maswali ya karatasi hata mimi nakariri.

Sasa angalia mchezo wenyewe. Dakika 60, vipindi 3 vya dakika 20, wachezaji 6 kila upande ukihesabu na golikipa, na hawa wa mbele wanakimbia kwa nguvu zote kama sekunde 45 hivi, wanaruka ubao wa pembeni kurudi benchi na wenzao wanaruka kuingia, mchezo haujasimama, paki bado inatembea (paki si ya kupaki gari, ni kile kisahani cha mpira mgumu, gramu 156 mpaka 170, kikikupiga mfupa wa mguu utaita mama). Kocha anaruhusiwa kuomba kusimamisha mara 1 tu mechi nzima, sekunde 30. Kwa hiyo karibu kila dakika anaamua nani aingie, aingie dhidi ya nani, yule beki amechoka kweli au anajifanya. Na mkiwa kwenu, mchezo ukisimama, kanuni inakupa wewe haki ya kubadilisha wa mwisho, unasubiri mwenzio atoe watu wake ndo unatoa wako. Youtube itakupa mazoezi elfu moja lakini haikupi hilo. Mzee aliyesimama benchi miaka 30 analo, tena mara nyingi hajui kama analo mpaka aulizwe.

Nikupe ya kwangu. Miaka kadhaa nyuma alikuja Kampala mzee mmoja Mkanada, binti yake alikuwa akifanya kazi Entebbe, na yeye huyo mzee alifundisha hoki ya barafu toka ujana, uzeeni akawa anafundisha makocha kwenye semina kama hiyo ya binamu yako. Rafiki akamleta Lugogo aone mazoezi yangu ya wasichana. Hakusema kitu, alikaa pale kwenye ngazi na chupa ya maji na daftari na saa mkononi. Mimi si unajua ukiona mgeni, nikapandisha sauti, nikaeleza pembe ya stiki, nikaeleza mguu wa nyuma, nikasimamisha kila baada ya pasi mbili kurekebisha, nikajiona nafundisha kweli kweli. Mwisho akaja akanifungulia ukurasa wenye mistari miwili: kocha anaongea, dakika 23, msichana namba 8 amegusa mpira, mara 11. Hiyo ni saa nzima Mwalimu! Hakuongeza neno, aliuliza tu rolex nzuri, ile chapati ya mayai, inapatikana wapi. Tukaenda Wandegeya, na chapati ile nilikuwa naitafuna kama kadibodi.

Tukishakula ndo akaongea. Akasema kwao barafu inakodiwa kwa saa na ni pesa nyingi, kwa hiyo kocha mzuri anabandika ubao mdogo kwenye kioo cha pembeni, wachezaji wanapiga goti moja, anachora, nusu dakika, wameondoka. Na akasema kwenye semina hawekagi video za mechi alizoshinda, anaweka aliyofungwa, anaisimamisha pale alipokosea yeye, anawauliza vijana: hapa ungefanyaje? Wakishajibu anawaambia alichofanya yeye. Alisema mara ya kwanza aliona aibu, kwamba watu wametoka mbali kumsikiliza bingwa, naye anawaonesha amelala usingizi benchini.

Wewe jaribu la daftari kabla hujacheka tena. Mpe mwanafunzi aliyeumia, asiye mazoezini, ahesabu.

SWALI: Kocha, mimi ni dada wa miaka 24, niko Makerere, napenda kufundisha kuliko kucheza. Timu ya taifa sijawahi kuigusa, nilikuwa wa benchi shuleni. Kila nikienda klabu wananiuliza "ulichezea wapi?" Hao wa kozi kubwa si wote walikuwa mastaa? – Wa Benchi

JIBU: Hata kidogo. Jon Cooper, kocha wa Tampa Bay ya Marekani, hajawahi kucheza hoki ya kulipwa, alikuwa wakili Michigan, jaji mmoja ndo alimwomba afundishe timu ya shule ya mwanae. Leo ana Stanley Cup 2, lile kombe la ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, ya 2020 na ya 2021.

Na kuna marehemu Roger Neilson, huyu nampenda sana, alikuwa mwalimu wa shule. Alianza kutumia video wakati wenzake wanaona ni mchezo wa watoto, wakamwita Captain Video kumcheka, sasa niambie timu gani kubwa leo haina mtu wa video. Alikuwa anasoma kitabu cha kanuni kama wakili wa ardhi. Akifundisha vijana wa Peterborough aliona kanuni haisemi nani lazima adake penalti, basi anamtoa golikipa anaweka beki, filimbi ikilia beki anamvamia mpigaji kabla hajatulia. Siku nyingine anamtoa golikipa dakika za mwisho ili aongeze mshambuliaji, na anamwambia aache stiki yake imelala mbele ya goli tupu, paki ikija inagonga stiki! Kanuni zikabadilishwa kwa sababu ya mtu mmoja. Huyu ndo alianzisha semina ya makocha iliyokuwa ikifanyika kule Windsor, Ontario, na alifariki 2003 lakini hata baada ya hapo makocha waliendelea kukusanyika kwa jina lake.

Wakikuuliza ulichezea wapi, waambie benchi, na benchi ndo mahali pazuri pa kuona mechi. Halafu nenda na daftari lenye kitu ndani.

SWALI: Mimi niko Arua, nafundisha mpira. Hapa kwetu kocha akikuona unaangalia mazoezi yake anasimamisha. Hao wazungu inakuwaje wanafundisha wapinzani wao siri zao, si wanajichimbia kaburi? – Ndugu yenu, West Nile

JIBU: Ndugu, hata mimi nimewahi kufukuza mtu uwanjani, basi tusameheane.

Kanada kulikuwa na mzee Clare Drake, chuo kikuu cha Alberta, misimu 28, ushindi 697, ubingwa wa taifa mara 6. Huyu alikuwa anawagawia wapinzani karatasi zake za mazoezi, ukimpigia simu anakueleza namna yake ya kuzuia ukiwa na mtu pungufu, wiki ijayo mnakutana na bado anakufunga. Ken Hitchcock aliyebeba Stanley Cup na Dallas 1999 ni mmoja wa waliochota kwake. Drake hakuwahi kubeba kombe hilo yeye, ila 2017 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la hoki, mwaka uliofuata akafariki.

Na kuficha kuna hasara yake. 1951 Mkanada Lloyd Percival aliandika kitabu cha namna ya kufundisha hoki, wenye mchezo kwao wakamdharau, nani huyu anatufundisha sisi. Kitabu kikafika Moscow, Anatoly Tarasov akakisoma kama mwanafunzi, akajenga timu ya Wasovieti iliyochukua dhahabu ya Olimpiki 1964, 1968 na 1972. Mwaka huo huo 1972 Kanada ikapeleka mastaa wake mechi 8 na Wasovieti wakijua watawatafuna kama nyama, wakaponea sekunde 34 za mwisho mechi ya mwisho, goli la Paul Henderson. Maarifa yalitoka kwao wenyewe bwana, yakarudi kuwapiga.

Wafini, watu wa Finland, ndo wamelielewa hili, wachache vile walivyo. Wana chuo cha michezo pale Vierumäki, makocha wanalala hapo, wanakula pamoja, wanabishana. 2019 walienda Bratislava na kikosi ambacho majina yake huwezi kuyakumbuka, kocha Jukka Jalonen, wakaifunga Kanada 3-1 fainali ya dunia, na 2022 Beijing wakachukua dhahabu ya Olimpiki.

Na hapa kwetu usisahau Akii-Bua. Dhahabu ya Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, 47.82, rekodi ya dunia, njia ya kwanza kabisa ndani ambayo hakuna anayeitaka. Kocha wake Malcolm Arnold, Mwingereza, aliondoka Uganda na alichojifunza kwetu, baadaye akamfundisha Colin Jackson, mruka viunzi mkubwa wa Uingereza. Sisi hapa nani aliandika alichofanya Arnold na Akii-Bua kila asubuhi?

SWALI: Kocha, mimi ni askari, Bombo. Nimesoma kwamba siku hizi makocha wanafundishwa kuuliza wachezaji maswali badala ya kuwaamrisha. Huo si udhaifu? Jeshini ukiuliza "mnaonaje" umekwisha. – Afande

JIBU: Afande, kwanza huyo Tarasov niliyemtaja timu yake ilikuwa CSKA, klabu ya jeshi, kwa hiyo uko na wenzako. Na Herb Brooks, kocha wa timu ya Marekani, 1979 vijana wake walitoka sare na Norway mechi ya kirafiki, vijana wanaangalia wasichana jukwaani, akawarudisha kwenye barafu baada ya mechi akawakimbiza nenda rudi mpaka wenye ukumbi wakazima taa, bado akaendelea gizani. Februari 1980 vijana hao wakawafunga Wasovieti 4-3 kwenye Olimpiki. Amri ina mahali pake, sibishani.

Lakini fikiria, ukumbi umejaa, watu wanapiga kelele, kijana yuko mbio na paki, wewe uko nyuma ya benchi. Atakusikia? Hasikii. Ataamua mwenyewe, na ataamua kama alivyozoea kuamua mazoezini, na kama mazoezini ulikuwa unaamua wewe, basi hapo hana kitu. Ndo maana hao wazee wanafundisha makocha kusimama baada ya zoezi na kuuliza "uliona nini?" Hawaulizi "mnaonaje", angalia tofauti Afande, hawapigi kura. Naamini hata doria yenu inaporudi kuna mtu anauliza mliona nini.

SWALI: Mama wa Ntinda hapa. Kijana wangu wa miaka 12 amepata viatu vya magurudumu, anapiga chupa na fimbo barabarani anasema yeye ni hoki ya barafu. Uganda hakuna barafu, nimkataze?

JIBU: Mama, usimkataze, mtoe barabarani. Boda wa Ntinda hawana breki wala huruma. Tafuta uwanja wa kanisa au wa shule wenye saruji, na kofia ngumu kabla ya kitu kingine chochote, hiyo usibane pesa. Barafu ya karibu iko Nairobi, hoteli ya Panari, waliifungua 2005, ni ndogo kuliko uwanja wa kawaida lakini ndipo walipotokea Ice Lions wa Kenya, wale walioalikwa Kanada 2018 wakacheza na Sidney Crosby, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia. Wengi wao walianza na magurudumu kama huyo wako. Basi la usiku kutoka Kampala linafika asubuhi, ila piga simu kwanza uulize kama siku hiyo wamefungua. Na chupa mbadilishie, mpe kifuniko cha ndoo ya rangi, kinateleza vizuri na hakipasuki.