Morocco iliwahi kuimba Eurovision

Kaka, umesema hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kupanda jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya. Ipo moja: Morocco, mwaka 1980, mjini The Hague, Uholanzi. Ilimtuma Samira Bensaïd, akaimba kwa Kiarabu. Israeli, bingwa wa miaka miwili mfululizo, haikushiriki mwaka huo, kwa hiyo Morocco, nchi ya Kiarabu, ikaona inaweza kushiriki.

Matokeo sasa! Pointi 7 tu, na zote zilitoka Italia. Wengine wote walimpa sifuri. Akashika nafasi ya 18 kati ya nchi 19, nyuma yake Finland peke yake. Morocco haijarudi tena hadi leo. Samira mwenyewe wala hakuyumba: alihamia Cairo akawa nyota mkubwa wa muziki wa Kiarabu.