Macho yanafifia, nywele za panjani zinatoka kali: usiilaumu lenzi kwanza

Mkuu, umesema una Canon yenye sensa ya APS-C (kipande kinachonasa picha, kidogo kuliko kile cha fremu kamili) na lenzi ya 50mm f/1.8, na kila ukipiga uso wa mtu kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, macho yanafifia huku nywele za panjani zikitoka kali. Unauliza kama lenzi ni mbovu. Mimi napiga maharusi na send-off, na lenzi za namna hiyo ndizo zinazoniweka mjini, kwa hiyo nikushauri: isome picha kabla hujatafuta fundi.

Kama hakuna popote palipotoka pakali na kila kitu kimeburuzika upande mmoja, hapo ni mkono au mteja katikisika. Pandisha kasi ya shata, sekunde 1/200 inatosha kwa mtu aliyetulia. Kwako panja ni kali, maana yake fokasi ilishika vizuri tu, ila ilishika nyuma ya jicho.

Piga hesabu. Kwa sensa yako, ukiwa mita 1 kutoka usoni kwa f/1.8, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 3, mbele na nyuma kwa jumla. Wengi wetu tunafokasi jicho kwa pointi ya fokasi ya katikati, tunashikilia kitufe nusu, kisha tunageuza kamera kupanga fremu. Ukigeuza nyuzi 12 tu, fokasi inaangukia sentimita 2 hivi nyuma ya jicho. Ukiinama mbele kidogo wakati unageuza, jambo la kawaida kabisa, sentimita nyingine 2 zimeondoka. Hapo uko panjani.

Kwa hiyo acha huo mtindo. Panga fremu kwanza, halafu isogeze pointi yenyewe hadi kwenye jicho lililo karibu na kamera. Mteja akiwa amesimama tumia AI Servo, ile hali ambayo kamera inaendelea kumfuata mtu kwa fokasi, kwa sababu mtu aliyesimama huyumba bila kujijua, na sentimita 3 hazivumilii kuyumba.

Bibi harusi ana mitihani yake. Kope za bandia ndefu huiba fokasi: kope zinakuwa kali, mboni inafifia, na kwenye kioo kidogo cha kamera huoni kitu mpaka ufungue kompyuta. Vuta picha mpaka uone mboni palepale ukumbini, kabla hajaondoka mbele yako. Shela likiwa limefunika uso, autofokasi hung'ang'ania kitambaa, na hata kamera mpya zinazotafuta jicho zenyewe hubabaika. Hapo mimi huhamia fokasi ya mkono, nikitazama kioo cha nyuma kikiwa kimekuzwa. Na ukumbi ukiwa na giza, elekeza pointi pale weupe wa jicho unapokutana na mboni, au mgeuze mteja mpaka taa ing'ae jichoni. Autofokasi inahitaji tofauti ya mwanga na giza; shavu tupu haliipi kitu cha kushika.

Halafu, kwa nini f/1.8 kila wakati? Rudi nyuma hadi mita 1.5, funga hadi f/2.8, na eneo kali linafika kama sentimita 10. Uso mzima unaingia. Ukitaka nyuma pawe laini, mwondoe mteja ukutani, msogeze mbele mita kadhaa. Naona vijana wengi wanambandika mtu kwenye pazia la ukumbi halafu wanategemea f/1.8 ifanye kazi yote. Haiwezi. Na kwa f/1.8, akigeuza uso pembeni, jicho moja lazima lipotee. Ukitaka yote mawili, mwambie aielekee kamera moja kwa moja.

Ukishafanya haya na tatizo likabaki, ndipo uipime lenzi. Weka kamera kwenye stendi, mbele yake simamisha boksi lenye maandishi, na pembeni laza rula kwa mshazari ikuonyeshe fokasi imeangukia wapi. Fokasi boksi kwa kuchungulia kwenye kitundu, piga picha kadhaa. Kisha rudia kwa kutazama kioo cha nyuma. Zote zikiwa kali, lenzi ni nzima. Za kioo cha nyuma zikiwa kali na za kitundu fokasi ikiangukia nyuma ya boksi kila mara, kamera na lenzi hazijapatana. Kamera za daraja la juu zina menyu ya kurekebisha hilo. Nyingi za bei ya chini hazina, basi endelea kupiga kwa kioo cha nyuma hadi upate fundi anayejua kuzipatanisha. Mpelekee vyote viwili, kamera na lenzi.