Anza na igizo, usianze na mtoto

Walimu wenzangu wakiniuliza wamfanyeje mtoto kiziwi au asiyeona aliye kwenye kikundi chao cha maigizo, huwa nawaambia walitazame igizo kwanza. Tangu nimalize masomo Bagamoyo naona desturi ileile kwenye mahafali: mwenye ulemavu anapewa kuwa ombaomba, au anashikilia pazia pembeni, kisha ukumbi unapiga makofi ya huruma. Makofi hayo siyataki.

Kwa wasioona, mimi hupitisha kamba ya katani chini ya mkeka, hatua moja kabla ya ukingo wa jukwaa. Wanacheza peku. Unyayo ukikanyaga kamba, mchezaji anajua amefika mwisho, na hakuna haja ya mtu kumvuta mkono. Mwache azunguke jukwaa zima mwenyewe, apapase viti, ahesabu hatua zake. Baada ya hapo kiti kisihamishwe bila yeye kuambiwa. (Wanaohamisha viti huwa ni wale wa kufagia, kwa hiyo kaa nao mapema.)

Kwa viziwi, ngoma juu ya sakafu ya saruji haisaidii sana, mtetemo unafia palepale. Tafuta mbao, hata kama ni lile benchi wanalokalia wakisubiri zamu, mpigaji aegemeze ngoma hapo. Na usizime taa zote kubadili onyesho. Gizani mikono haisomeki.

Mkalimani wa lugha ya alama ndiye anayeonewa zaidi. Anawekwa kona, dirisha nyuma yake, anabaki kivuli. Mimi humvika kanga nikamwingiza kwenye mchezo pamoja na mwenzake, majirani wawili wambeya. Mmoja anasema kwa sauti, "Haya, mama karudi, ndoo tupu, uso umemvimba!" Mwingine anausambaza umbea huohuo kwa lugha ya alama. Asiyeona kapata, kiziwi kapata, na ukumbi mzima unacheka. Wazo hili sikulibuni mimi. Graeae, kikundi cha Uingereza kilichoanzishwa 1980, hufuma alama na maelezo ya sauti ndani ya mchezo wenyewe. Jenny Sealey, aliyekiongoza kwa miaka mingi, ni kiziwi, na alishirikiana na Bradley Hemmings kuongoza sherehe za ufunguzi wa Paralimpiki, michezo ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, London 2012.

Hadithi nayo itoke kwa watoto. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipofanya kazi Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwaacha wanakijiji wataje matatizo yao ndipo mchezo utungwe. Ukiwauliza wanao, usishangae wasipotaja ulemavu kabisa. Wangu waliwahi kuchagua mapenzi na deni la dukani.

Kwenye bajeti, andika kwanza posho ya mkalimani na nauli ya wanaowasindikiza watoto mazoezini. Mavazi yanaazimika.