Injini ya pikipiki inagonga mlimani: je, petroli ya 95 ndiyo dawa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda, nimehamia Kwale na Boxer yangu ya 150 kutoka Nyahururu. Kule ilikuwa kimya. Huku nikipakia abiria na mzigo nikapanda kutoka Kombani, injini inalia kama kokoto ndani ya mkebe. Wenzangu wa steji wananiambia niweke petroli ya oktani 95, nitapata nguvu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Oktani siyo nguvu. Ni uvumilivu wa petroli ikibanwa. Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli, plagi inapiga cheche, moto unasambaa. Petroli isiyovumilia, ile sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa kishindo. Kokoto zako ndizo hizo. Petroli ya 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa isooktani 95 kwa heptani 5; haya ni mafuta mawili ya kulinganishia, na kwenye kipimo isooktani ilipewa 100 na heptani 0.

Yamaha R6, pikipiki ya mbio, hubana hewa na petroli mara 13.1, kwa hiyo inaihitaji kweli petroli ya namna hiyo. Boxer yako iko kati ya 9 na 10. Ikiwa nzima, 95 haitaiongezea mbio. Utamaliza pesa tu.

Mbona Nyahururu ilinyamaza? Kule uko juu ya mita 2,300. Hewa ni nyepesi, silinda haijai sawasawa, kwa hiyo injini haibanwi sana. Ukishuka pwani hewa inakuwa nzito. Na kama fundi wa kule alikuwekea jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kuifaa hewa ile, huku petroli inakuwa haba. Injini inachemka, halafu inagonga.

Fungua plagi uitazame juani. Ile kauri nyeupe ikiwa na vidoa vidogo vya kung'aa kama unga wa fedha, hiyo ni pistoni yako inaliwa. Tafadhali usipakie mtu tena mpaka itengenezwe. Mwambie fundi arudishe jeti ya kiwandani, asafishe kabureta, akague raba inayoishika isiwe imepasuka ikavuta hewa, na akwangue masizi kwenye hedi, maana hujaza nafasi na kushika joto.

Petroli ya chupa ya kando ya barabara iache kabisa. Ikichanganywa na mafuta ya taa, oktani inashuka vibaya. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita kwa sababu ya uchakachuaji huo.

Hiyo 95 itumie kama kipimo. Subiri tangi likaribie kukauka, uijaze, kisha upande mlima uleule na mzigo uleule. Mlio ukipungua, kosa liko kwenye uwakaji, na fundi ashughulikie niliyokutajia. Ukibaki vilevile, aangalie tapeti, yaani visukuma vya vali, na cheni ya taimingi.